Arobaini ya Ketura

Ketura hakuniamkia.

Nilimkuta jikoni, amepiga magoti mbele ya jiko la makaa ya mawe, mikono myeusi hadi viwikoni. Tangu nimjue, msichana huyu hajawahi kumpita mtu mzima bila shikamoo. Shikamoo hiyo nilimpa mimi. Katika Kiingereza chake alikuwa anakunja goti tu na kusema ndiyo bwana, hapana bwana, na nilipomfasiri niliona goti peke yake halimtoshi binti aliyelelewa. Siku hiyo alinitazama kuanzia viatu mpaka mtandio, kisha akageuka akaendelea kuchokoa majivu.

"Ketura," nikaita.

"Umekuja kuniua tena, au leo umekuja kutazama tu?"

Hiza, fundi mitambo wetu, alikuwa nyuma yangu amejikunyata ndani ya koti. "Si nilikwambia, mama?" akanong'ona. "Amebadilika. Wote wamebadilika."

"Nasikia unachosema," Ketura alimjibu. "Mwambie na huyo mama yako asogee, maji haya ni machafu."

Sikusogea. Akainua ndoo akanimwagia. Maji ya mle ndani si maji, na Ketura si nyama na damu. Vyote ni mwanga uliogandishwa, ukiugusa unasikia baridi ya bilauri iliyotoka kwenye friji. Gauni langu lilibaki kavu kabisa, lakini baridi ile ilinipenya, na hasira zikanipanda hadi utosini. Mimi si mtu wa kumwagiwa ndoo na mtoto niliyemfundisha kusema.

"Nani kakufundisha adabu hiyo?" nikamfokea.

"Wewe. Kila nilicho nacho kinywani umekitia wewe."

Nikamshika Hiza mkono, tukatoka.

Jumba letu la Riwaya liko Lushoto, kwenye mteremko wenye ukungu na baridi inayozifaa riwaya za Kiingereza. Siku hizi wanafunzi wa kidato cha nne hawasomi tu kitabu cha mtihani. Wanapanda mlima na mabasi ya shule, wanaingia ukumbini, wanazungumza na wahusika wenyewe. Chetu ni Nyumba ya Wexcombe, riwaya ya zama za Malkia Viktoria, na mfasiri wake ni mimi, Mwanaidi Shekiondo. Mtambo ulipewa tafsiri yangu, ukazitoa humo akili tatu: Bwana Ambrose Wexcombe, mwenye kiwanda cha pamba, binti yake Lavinia, mwenye majivuno na mkono mwepesi wa kupiga, na Ketura, mtumishi wao, anayekufa kwa kifua kikuu sura ya thelathini. Lavinia anapomlilia ndipo anapojifunza huruma. Ketura hana kazi nyingine kitabuni. Anakufa, mwenzake anakuwa mwema, wasomaji wanafuta machozi.

Muhula ukiisha tunakifunga kitabu, wahusika wanasahau kila kitu, na muhula mpya wanaanzia ukurasa wa kwanza. Ndivyo ilivyotakiwa iwe. Lakini wiki ile Bwana Wexcombe, mzee ambaye siku zote aliinuka kitini kwa ajili ya chakula tu, alimfukuza mwalimu mmoja kwa fimbo hadi getini, huku akimwita mla maiti. Wanafunzi walidhani imo kitabuni, wakapiga makofi.

*

"Andika arobaini," alisema Mbwambo.

Daktari Philemoni Mbwambo ni mkurugenzi wa Jumba. Ana sauti ya upole, na upole wake ni wa kukulaza usingizi. Alikuwa amenimiminia chai ya tangawizi kabla sijakaa, na mimi sikuigusa.

"Arobaini ipi?"

"Mweleze, Hiza."

Hiza alikuna kichwa. "Mama, unakumbuka Kiingereza kinasemaje Ketura akishakufa?"

Nisingeweza kukisahau. Katika kitabu cha wenyewe kifo chake ni sentensi moja: yule mtumishi alifariki alfajiri, akazikwa Jumanne. Sentensi inayofuata, Lavinia yuko dirishani anatazama mvua. Hakuna aliyekaa chini, hakuna aliyesema pole, hata mama yake hakupelekewa habari. Mimi nilikaa na sentensi ile siku nzima na haikunishuka. Nilichoandika ni hiki: wakatandika mkeka ukumbini, wakakaa matanga, na walipoachana wakaahidiana kukutana tena siku ya arobaini. Mhariri aliisoma asione kitu. Wasomaji wa majaribio hawakuona kitu. Nchi nzima hakuna aliyejiuliza Mwingereza mwenye kiwanda anafanya nini juu ya mkeka, maana kwetu mtu akifa watu wanakaa chini. Sijutii, na sitajuta.

"Sasa tatizo ni kwamba kitabu kinaisha kabla ya hiyo arobaini," Hiza alisema. "Mtambo ukifunga kitabu unafuta kila kitu, isipokuwa ahadi ambayo mhusika hajaitimiza. Tuliutengeneza hivyo ili wasisahau walichoahidi kati ya sura na sura. Basi wanaamka ukurasa wa kwanza, Ketura yuko hai anabeba makaa, na wenzake wanajua kuwa bado hawajaisoma arobaini yake. Muhula wa kwanza ilikuwa kama ndoto tu. Muhula wa pili wakaanza kuulizana. Na Ketura ana masikio."

"Kwa hiyo anajua."

"Anajua kila alivyokufa, mama."

Mbwambo akasogeza kikombe changu karibu zaidi. "Na dawa ni nyepesi. Mwisho wa kitabu, baada ya sura ya mwisho, unaongeza ukurasa mmoja wa arobaini. Wanakutana, wanasoma, wanaanua matanga, ahadi imetimia. Tunafunga, wanasahau, tunafungua upya. Kesho asubuhi nina shule tatu, Mama Shekiondo. Watoto wana mtihani."

Kwa sheria zetu, tafsiri haibadilishwi ila kwa sauti ya mfasiri wake, tena asimame ndani, mbele ya wahusika, aseme wakisikia. Waliozitunga walitaka kutulinda sisi wafasiri dhidi ya wakubwa. Hawakufikiria itakuwaje kumsomea mtu hukumu yake huku anakukodolea macho.

"Na Ketura?" nikauliza.

"Ketura hatakumbuka lolote."

"Ataendelea kufa kila muhula."

"Bila kujua. Asiyejua haumii." Akatabasamu. "Mhusika si mtu, dada yangu. Wewe umezeeka na kitabu hiki, umekizoea."

"Kama si mtu, kwa nini unahangaika asahau?"

Tabasamu likamtoka. "Nahangaika kwa sababu anawatukana wanafunzi wangu! Utaandika au huandiki?"

Nikamwambia nitaandika, nikainuka na kuiacha chai yake ipoe.

*

Nilirudi ukumbini peke yangu mchana ule. Wote watatu walikuwa sebuleni kwa Wexcombe. Ketura alikuwa ameketi kwenye kiti cha bwana, kwa makusudi mazima, na masizi yake yote. Bwana Wexcombe alisimama dirishani ameshika fimbo. Lavinia alikaa mbali, anasokota kitambaa vidoleni.

"Mkurugenzi anataka niwaandikie arobaini," nikasema. Sikuona sababu ya kuzunguka. "Mwisho wa kitabu. Mtaisoma, mtasahau, mtaanza upya."

"Vizuri," alisema Lavinia haraka.

Ketura akacheka, kicheko kikageuka kikohozi. Alipomaliza alifuta mdomo kwa kitambaa cha meza cha bwana wake. "Mnasikia? Vizuri, anasema. Huyu ndiye aliyejifunza huruma kwa kifo changu. Kila muhula naugua ili yeye awe na moyo, na moyo wenyewe ndio huo."

"Usinisimange!" Lavinia aliruka kama aliyechomwa. "Sikukuomba ufe! Unajua mimi ni nani kabla hujafa? Nakupiga makofi kwa sababu ya chai. Nakuita mnyama. Najisikia nikisema na siwezi kunyamaza, kwa sababu nimeandikwa hivyo. Kurasa za mwisho tu ndizo ninazokuwa mtu ninayeweza kumvumilia."

"Kuna njia nyingine," nikasema. "Nikitoa ule ugonjwa..."

"Fundi wako alishajaribu, mwenyewe ametusimulia," alikatiza Bwana Wexcombe. Alikuwa na sauti nzito, ya mtu aliyezoea kufukuza wafanyakazi. "Muhula uliopita aliusitisha mtambo mara moja, akakiziba kikohozi kwa mtambo tu, bila kugusa tafsiri yako wala kukwambia. Ketura hakufa. Sura ya thelathini ikafika, na binti yangu akabaki yule yule. Siku nzima alikuwa anapiga. Alimpiga kwa koleo la moto, mama. Akimaliza anaanza tena, kwa sababu kitabu hakikuwa na Lavinia mwingine wa kumpa."

Lavinia alikuwa amefunika uso. Nilimwendea Ketura, nikasimama karibu hadi nikausikia ubaridi wake.

"Basi nikuandikie maisha," nikamwambia. "Sura mpya, zako peke yako. Uondoke katika nyumba hii, upate kazi nyingine, upate watu wako. Naweza. Mwanangu, naweza."

"Usiniite mwanao." Hakupaza sauti, na ingekuwa afadhali angepiga kelele. "Mwanao ungempa hata jina la mama yake. Mimi mama yangu nimemtafuta kitabu kizima, hayumo. Umeniandikia shikamoo bila kuniuliza. Umeniandikia matanga bila kuniuliza. Leo unataka kuniandikia mume, eti? Na muhula ukiisha, kitabu kikifungwa, nirudi wapi? Si ukurasa wa kwanza, na ndoo mkononi, na kifua hiki? Hizo sura zako nitakuwa nazo wiki ngapi?"

Nilijua anasema kweli. Hata kama ningemwandikia ufalme, mlango wa kuingilia kitabuni ulikuwa ule ule, jikoni, majivuni.

"Unataka nini?" nikauliza.

"Nataka kufa kama watu wanavyokufa. Mara moja. Nyie mbaki mnaumia, mimi nisirudi."

"Hapana," nikasema.

"Hiyo arobaini, usiitie mwisho. Itie mwanzo. Ukurasa wa kwanza kabisa, kabla ya jiko, kabla ya makaa. Kitabu kifunguliwe nimeshakufa. Huyu," akamwonyesha Lavinia kwa kidevu, "awe ameshalia. Aanze na moyo wake tangu mwanzo, asihitaji kunipiga kwanza."

Lavinia aliinua uso polepole. Aliogopa kurudi kupiga, na alitaka kubaki na moyo wake; vyote viwili Ketura alikuwa amemtatulia.

"Ketura, hiyo ni kukuua," nikasema, na sauti ilinitetemeka, sikuweza kuizuia. "Unanielewa? Kwa mdomo wangu. Sio kitabu cha watu ninachokifasiri, ni mimi."

"Na ulivyokuwa unaniua muhula kwa muhula ulikuwa mdomo wa nani?" Aliinuka kitini. "Ulizoea kusema kitabu ndicho kilichotaka. Safari hii huna kitabu cha kukisingizia, ndiyo maana unatetemeka. Tetemeka. Na jambo moja zaidi. Watakuja watu msibani, na watu msibani huuliza. Wakiuliza kilichoniua ni nini, usiwaambie kifua. Waambie ni wewe."

Nilimchukia dakika ile. Nilimchukia kwa sababu alikuwa amelifikiria jambo lote hadi mwisho, wakati mimi nilitaka tu mtu aniambie kuwa kusahau ni huruma. Na kwa kweli kusahau kulinivutia. Ningesema ukurasa ule wa Mbwambo, kesho asubuhi ningemkuta jikoni ananiita mama, shikamoo yake kama zamani, nami ningeitikia marahaba na kwenda zangu. Nani angejua? Yeye mwenyewe asingejua. Ningejua mimi, na mimi ninajua kunyamaza.

Nilitoka.

*

Asubuhi mabasi matatu yalikuwa yameegeshwa nje, na wanafunzi wamejipanga kwenye veranda wakipuliza mikono. Ukungu ulikuwa umefunika bonde lote. Mbwambo alikuwa chumba cha mitambo juu, pamoja na Hiza, na sauti yake ilinifikia ukumbini kupitia kipaza sauti cha darini.

"Tuko tayari, mama. Sema tu. Watoto wanaingia ukimaliza."

Ketura alisimama katikati ya sebule. Alikuwa amenawa mikono. Sikuwahi kuiona mikono ile ikiwa safi, maana hakuna sentensi hata moja kitabuni inayomnawisha. Bwana Wexcombe na Lavinia walisimama pembeni yake, na hakuna aliyemshika.

"Mimi Mwanaidi Shekiondo, mfasiri," nilianza, kama sheria inavyotaka, "naongeza ukurasa katika Nyumba ya Wexcombe."

Macho ya Ketura hayakunitoka. Hayakuwa na huruma kwangu hata chembe, na wala hayakuniomba. Nilitafuta ndani yangu sababu za kumwacha hai na nilizipata nyingi, zote zilikuwa sababu zangu.

"Ukurasa wa kwanza," nikasema.

"Wa mwisho," sauti ya darini ikanisahihisha. "Mama, ni wa mwisho."

"Ukurasa wa kwanza. Siku hiyo ilikuwa arobaini ya Ketura."

"Hiza, zima umeme! Zima!"

Sikujua kama Hiza atazima. Taa zilibaki zinawaka. Baadaye aliniambia mkurugenzi alimvuta mkono, naye akaukalia ubao wa swichi kwa makalio yake yote mawili.

"Aliitumikia nyumba hii tangu utoto," niliendelea, "na nyumba hii haikumtendea haki. Lavinia alimpiga, na baadaye akamlilia, na machozi hayo hayakufuta makofi. Alizikwa siku ya Jumanne. Mama yake aliitwa Rhoda, alitembea kutoka mbali akamzika mwanawe kwa mikono yake."

Hapo Ketura alishtuka. Midomo yake ililitamka jina lile, Rhoda, bila sauti, mara mbili. Nilikuwa nimelibeba tangu jana yake, na sikuwa na kitu kingine cha kumpa.

"Usitegemee shikamoo," akaniambia.

"Sitegemei."

"Basi maliza."

"Ketura alikufa mara moja," nikasema. "Hakurudi."

Hakukuwa na kikohozi, hakukuwa na kitanda. Pale aliposimama palibaki zulia la Bwana Wexcombe tu, na ubaridi ambao ulikawia kidogo kisha nao ukaisha. Darini Mbwambo alikuwa anapiga kelele nimrudishe, kwamba watoto wako mlangoni, kwamba nitashtakiwa. Nilimwacha apige. Pasipo sauti yangu hakuna wa kumrudisha, na sauti yangu haikuwepo kwa kazi hiyo.

Mlango ukafunguliwa. Wanafunzi waliingia na kelele zao za nje, wakanyamaza ghafla. Lavinia alikuwa anatandika mkeka sakafuni, na Bwana Wexcombe, yule mzee wa kiti, alikuwa amepiga magoti anamsaidia kuunyoosha kona.

"Karibuni," Lavinia aliwaambia. Alikuwa na uso ambao zamani niliuona kurasa za mwisho tu. "Mkae popote. Tumefiwa na mwenzetu."

Watoto hawakuwa wameandaliwa kwa hili, lakini hakuna aliyehitaji kufundishwa. Walivua viatu mmoja mmoja. Wakakaa, wasichana wakavuta sketi zao kufunika magoti. "Poleni," walisema. Bwana Wexcombe akaitikia kwamba wameshapoa.

Kisha akaniona mimi, bado nimesimama. Alinitazama kama mgeni, maana kitabu kilikuwa kimeanza upya, na kwake sasa nilikuwa mgeni.

"Na wewe mama, marehemu alikuwa nani wako?"

Neno lilinifika kwenye ncha ya ulimi, lile alilonikataza Ketura. Nikalimeza.

Msichana mmoja mwenye sweta ya bluu alikuwa amemgeukia Lavinia. Aliuliza kwa sauti ya chini, kama watu wanavyouliza kwenye kila msiba. "Pole dada. Kwani alikuwa anaumwa nini?"

"Kifua," Lavinia alianza.

"Si kifua," nikasema.

Wote waligeuka.

"Ni mimi niliyemuua," nikasema. "Asubuhi hii. Kabla ya hapo nilikuwa namuua kila muhula, na nyie mnaletwa kutazama."

Machozi yalikuwa yananitiririka na sikuyafuta. Nilingoja fimbo ya Bwana Wexcombe, nilingoja wanifukuze hadi getini, na ningekwenda.

Yule mzee aliisukuma fimbo yake pembeni. Kisha akasogea, akanipisha nafasi mkekani.